Bafu linavujia dari ya chini, na bomba la ukutani linasingiziwa

#1 KokiKavu

Wakuu, salaam.

Bafu likivujia chumba cha chini, mshukiwa wa kwanza ni bomba la ukutani. Vigae vinabomolewa, bomba linakutwa kavu kabisa, na doa linaendelea kutanuka. Dai langu ni hili: bomba lenye presha halipumziki. Likiwa na tundu litavuja usiku na mchana, watu waoge wasioge. Doa linalokuja na kuondoka lina mwenyewe mwingine.

Kesi yenyewe: bafu la ghorofani, sakafu ya vigae, trapu ya sakafuni (kifaa cha kwenye tundu la maji kinachobakiza maji ili kuzuia harufu), bomba la kutolea maji ni PVC (plastiki ngumu) ya 50 mm. Doa liko kwenye dari ya chini, kama mita 1 kutoka usawa wa trapu, upande wa ukuta wenye shawa. Akioga mtu mmoja doa halibadiliki. Wakioga watatu mfululizo, baada ya kama saa nzima linalowa na matone yanaanza kudondoka. Koki zote zilifungwa, mita ya maji ikasomwa kwa saa 2, hata tarakimu ya mwisho haikusogea.

Nasema kosa liko kwenye njia ya maji machafu. Nani anapinga?

#2 Shingo_Upande

Napinga nusu. Hoja yako ni sahihi kwa bomba lililo kabla ya koki. Umesahau kipande kilicho baada ya koki, kinachopanda ukutani kutoka kwenye mikisa (koki ya kuchanganya maji ya moto na baridi) hadi shingo ya shawa. Kile kinapata maji shawa ikifunguliwa tu. Ukifunga koki ndipo usome mita, umekitoa kwenye kipimo wewe mwenyewe.

Namna ya kukipima: fungua kichwa cha shawa, zungushia tepu nyeupe kwenye meno ya shingo, ziba kwa kifuniko cha nusu inchi. Fungua maji baridi peke yake, maana ukifungua na ya moto huku njia imezibwa yanaweza kusukumana na kurudi upande wa pili. Acha dakika 30. Sakafu inabaki kavu, trapu haipati tone, kwa hiyo doa likilowa kuna mshukiwa mmoja tu.

Na ndani ya kipande hicho, anza na elbo (kona ya bomba) ya ukutani inayopokea shingo. Mtu akikaza shingo kwa spana malaya kama anafunga gurudumu la lori, elbo ya plastiki inapasuka kwa ndani, ufa mwembamba kama unywele.

#3 KokiKavu

Hilo nakubali. Naliongeza kwenye orodha.

#4 BoyaLaTangi

Kabla hamjasonga mbele: nyumba ina tangi la juu au maji yanatoka moja kwa moja kwenye mita?

Kama kuna tangi, kipimo cha #1 hakina maana. Mita inaona maji yanayoingia tangini tu. Bomba la bafuni linaweza kuvuja saa 2 zote hizo, koki ya boya isifunguke kwa sababu kiwango hakijashuka vya kutosha, na mita ikatulia tuli.

Kwenye nyumba ya tangi, funga njia ya kuingiza, weka alama kwenye kiwango cha maji, kisha subiri usiku kucha. Saa 2 hazitoshi. Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 1 likishuka milimita 1 limepoteza lita 0.785, yaani robo tatu ya lita na ushei. Uvujaji wa lita 1 huwezi kuuona kwa macho kwa kuchungulia na tochi.

#5 KokiKavu

Tangi lipo. Haya, nimekamatwa.

#6 mama_grauti

Mnakimbilia mabomba wakati sakafu imelala hapo inawatazama.

Grauti (ile ya kujazia mianya kati ya vigae) haizuii maji. Ni saruji, inanyonya. Kinachozuia maji ni utando uliopakwa chini ya vigae, na kama fundi aliuruka au aliuishia sentimita chache kabla ya trapu, kigae kizuri kiasi gani hakitasaidia. Mtu mmoja akioga, grauti inanyonya kidogo na kukauka. Wakioga watatu, plasta iliyo chini ya vigae inajaa, maji yanaanza kutafuta njia juu ya zege. Ndiyo maana doa linachelewa saa nzima na kutokea mita 1 pembeni. Zege halikusawazishwa kwa ajili ya kumpendeza mtu wa chini. Maji yanafuata bonde lake mpaka yapate ufa au tundu la waya.

Tenganisheni hivi, kipimo kimoja kwa siku, sio vyote asubuhi moja:

Siku ya kwanza, trapu peke yake. Ingiza mpira wa maji ndani kabisa ya tundu, sakafu isilowe hata kidogo, mwaga lita 60 taratibu. Chini kukilowa, ni trapu au bomba lake.

Siku ya pili, sakafu peke yake. Ziba tundu (puto la mpira lililojazwa hewa ndani ya bomba linafaa kuliko kitambaa), jaza maji kina cha sm 2, yasivuke kizingiti cha mlango. Weka alama ya penseli ukutani. Acha saa 12, ukiweza 24.

Siku ya tatu, kuta peke yake. Nyunyizia kuta huku trapu ikiwa wazi, anza chini panda juu, dakika 10 kila eneo. Ukianza juu, maji yatashuka yalowanishe kila kitu na hutajua lililoingiza ni lipi.

Ukichanganya vipimo, zege linakudanganya. Unachokiona leo kinaweza kuwa maji ya jana.

#7 WayaWaNywele

Kuna maelezo mepesi kuliko ya #6, nayo yanaendana na watu watatu vizuri zaidi: bomba limeziba nusu.

Bomba la maji machafu halina presha. Maungio mabovu yanaweza kukaa miaka bila kutoa tone, kwa sababu maji yanateleza chini ya bomba na hayafiki kwenye ufa ulio ubavuni au juu. Shawa ya lita 9 kwa dakika, kila mtu dakika 8, ni lita 72. Watu watatu ni lita 216. Kama nywele na sabuni vimebana njia, maji yanapanda ndani ya bomba, yanasimama juu ya maungio, na hapo ndipo yanapotoka. Mtu mmoja hafikishi kiwango hicho.

Kipimo hakihitaji siku tatu. Toa kifuniko cha trapu, mwaga ndoo ya lita 10 kwa mkupuo. Maji yakisimama sekunde kadhaa kabla ya kushuka, kuna kizuizi. Chukua waya mgumu wa sm 60, kunja ncha iwe ndoano ndogo, ingiza huku unazungusha, vuta. Kitakachotoka usikirudishe ndani kwa kukisukuma na maji.

#8 mama_grauti

@WayaWaNywele na ukishazibua, ule ufa umekwenda wapi? Uko palepale unasubiri nywele mpya. Umemnyamazisha shahidi, kesi haijaisha.

#9 WayaWaNywele

Sikusema imeisha. Nimesema ndiyo sababu ya kuonekana siku nyingine na kutoonekana siku nyingine. Na tazama hesabu yako: lita 60 "taratibu" hazitajaza bomba lililoziba nusu. Kipimo chako cha siku ya kwanza kitasema bomba ni zima wakati ni bovu. Mwageni haraka, ndoo baada ya ndoo.

#10 pwaa

Si amwage tu magadi makali ya kuzibulia alale?

#11 BoyaLaTangi

@pwaa hapana. Magadi makali yakikutana na maji yanachemka yenyewe, na PVC ya kawaida huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 na kitu kwenda juu. Yakikwama kwenye trapu iliyoziba, yanakaa palepale yakipika plastiki na gundi ya maungio. Halafu anakuja mtu kuifungua trapu, yanamrukia machoni. Na asije mwingine akaongeza dawa ya asidi juu yake, au akachanganya asidi na dawa ya kung'arishia nguo: hiyo ya mwisho inatoa gesi ya klorini. Waya wa bure unatosha.

#12 pwaa

Nimerudi kwenye waya.

#13 Unyevu_Hewani

Hakuna aliyetaja mvuke. Watu watatu wakioga maji ya moto mfululizo, hewa inajaa unyevu. Bomba la maji baridi lililo juu ya dari likiwa halijafungwa kitambaa chochote linatoa jasho kama chupa iliyotoka kwenye friji. Matone mawili matatu, saa moja baadaye, siku nyingine hakuna. Dalili zote zinalingana.

Kipimo: kausha doa, bandika juu yake karatasi ya alumini ya sm 30 kwa 30, ziba kingo zote kwa tepu, acha siku nzima. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba. Yakiwa upande wa dari, maji yanatoka juu.

#14 Shingo_Upande

@Unyevu_Hewani mvuke wa bafuni uko ghorofa ya juu. Umeshukaje?

#15 Unyevu_Hewani

Kwenye tundu la bomba lililopenya zege. Likizibwa vibaya, hewa inapita. Na doa likiwa na ukungu wa kijivu bila mpaka ulio wazi, nashikilia mvuke. Likiwa na duara za kahawia, moja ndani ya nyingine, kama pete za mti, au chumvi nyeupe inayobanduka, hapo nawaachia nyie wa mabomba: maji yalipita kwenye saruji na kuacha alichokibeba.

#16 mama_grauti

"alichokibeba"... maji ni ya ngeli gani huko kwenu? 😄

#17 Unyevu_Hewani

Yalichokibeba, yalichokibeba. Tuendelee.

#18 TupaNaMsasa

Wakati mnabishana, niandike ya kurekebisha, maana maungio ya PVC yanaharibiwa zaidi na wanaotengeneza kuliko na wanaotumia.

Kwanza kuthibitisha. Ukiwa umefungua dari, kausha bomba lote, sugua chaki ya ubaoni juu ya kila ungio, trapu hadi bomba kuu. Mwagisha maji juu. Chaki ikilowa inabadilika rangi papo hapo, na unaona tone limeanzia wapi. Anza kuangalia sehemu ya juu kabisa. Tone linalodondoka kwenye elbo mara nyingi limeshuka likifuata bomba kutoka kwenye soketi (kiungio kinachopokea ncha ya bomba) iliyo nyuma.

Gundi ya PVC haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Inayeyusha ngozi ya bomba na ya soketi, zikashikana kuwa plastiki moja. Kwa hiyo kuipaka kwa nje juu ya ungio linalovuja ni kupaka rangi. Silikoni kwa nje vilevile: inashika wiki chache, bomba likipata maji ya moto linarefuka, silikoni inaachia.

Dawa ni kukata.

Kata kipande chote chenye ungio bovu kwa msumeno wa chuma, wima kabisa. Kila upande ubakize bomba lililonyooka, kwa 50 mm acha angalau sm 4, la sivyo soketi mpya haitapata pa kushika. Toa vinyweleo vya ndani kwa kisu, maana hivyo ndivyo vinavyokamata nywele baadaye. Kingo za nje zipige tupa ziwe na mteremko mdogo. Kingo kali inakwangua gundi yote na kuisukuma ndani ya soketi.

Pachika makavu kwanza. Chora alama ya kina, na mstari mmoja unaovuka bomba na soketi ili ujue utageukia wapi. Piga msasa mwepesi, futa kwa dawa ya kusafishia PVC, acha ikauke. Paka gundi nyembamba ndani ya soketi, nene kidogo kwenye bomba. Ingiza ukizungusha robo mzunguko, shikilia sekunde 30, kwa sababu soketi ina tabia ya kulisukuma bomba nje. Usipitishe maji kwa saa kadhaa; ukiweza, ngoja siku nzima.

Tatizo la dari ni kwamba ncha zote mbili hazisogei. Soketi ya kawaida ina kikomo katikati, haiwezi kuteleza. Tafuta ya matengenezo isiyo na kikomo: iteleze yote upande mmoja, weka kipande kipya, irudishe katikati ya alama zako.

Kama unatumia soketi za mpira, paka maji ya sabuni, usipake mafuta ya kupikia wala grisi. Mpira unavimba na kupoteza umbo. Sukuma hadi mwisho, weka alama, kisha vuta nyuma milimita 10. Hiyo nafasi ni ya bomba kurefuka likipata joto.

#19 KokiKavu

#18 nimeihifadhi. Mteremko uweje nikirudisha?

#20 TupaNaMsasa

Sm 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Funga vishikio kila sm 50 hivi. Bomba lililolegea katikati linatengeneza tumbo, tumbo linalimbikiza uchafu, tunarudi kwa @WayaWaNywele.

#21 BoyaLaTangi

Na usizidishe ukidhani mkali ndio bora. Maji yakishuka kwa kasi yakijaza bomba lote yanavuta na yale ya trapuni. Trapu inatakiwa ibakize maji ya kina cha mm 50. Ukisikia "glu glu glu" mwishoni, imenyonywa, na harufu inafuata.

#22 Shingo_Upande

Mmeishia kwenye bomba la chini kana kwamba imethibitishwa. Bado nasema shingo.

Na kwa atakayeifungua: tepu nyeupe izungushwe kufuata saa ukiwa unatazama ncha ya meno, ili unapokaza isijikunje. Kwenye nusu inchi, mizunguko 10 hadi 12 ya tepu nyembamba. Ikaze kwa mkono, kisha spana mzunguko mmoja au mmoja na nusu. Ukipitiliza usirudishe nyuma kunyoosha shingo. Ukirudisha, tepu imekwisha kazi, vua uanze upya.

#23 pwaa

Hapa kwenye mizunguko 12 watu huweka 3 wakalalamika koki mbovu.

#24 TupaNaMsasa

Na bomba la ukutani likiwa la PPR (plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa), hakuna gundi inayoshika. Ni mashine ya joto, nyuzi 260; bomba la 20 mm linaingia mm 14, sekunde 5 za kupasha, kisha unaunganisha bila kuzungusha. Ukilisukuma kupita alama, plastiki inajikunja ndani na kubana tundu. Shawa inakuwa dhaifu, mtu analaumu tangi.

#25 Matone

Naomba kuuliza pembeni: shawa ikidondosha tone moja kwa sekunde ni kiasi gani kwa siku? Nilisoma lita 4.

#26 BoyaLaTangi

Siku ina sekunde 86,400. Lita 4 inatoka ukichukua tone la dawa ya macho, matone 20 kwa mililita. Tone la koki ni kubwa zaidi. Likifika robo mililita unapata zaidi ya lita 21. Usikisie: kinga kwa kikombe dakika 15, pima, zidisha mara 96.

Ila shawa ikidondoka dakika chache baada ya kufungwa na kuacha, hayo ni maji yaliyobaki kwenye kichwa. Ikiendelea saa nzima, kwenye koki ya kizamani ni washa ya mpira, na kama washa mpya haisaidii, angalia kiti chake cha shaba kama kina mikwaruzo. Kwenye mikisa ya mkono mmoja ni katriji (kiini cha ndani kinachofungua na kufunga maji). Ivue uende nayo dukani, kuna ya mm 35 na mm 40, na kwa macho zinafanana.

#27 KokiKavu

Narudi na majibu.

Nywele: zimetoka, fungu la kutosha. Ndoo ya lita 10 sasa inashuka bila kusimama. Trapu peke yake: lita 60 taratibu kama #6, siku iliyofuata lita 60 haraka kama #9. Doa kavu mara zote mbili. Sakafu: kina sm 2, saa 12, maji yameshuka mm 4. Doa kavu. Alumini: kavu pande zote.

#28 mama_grauti

Mm 4! Sakafu inakunywa. Nilisema.

#29 Unyevu_Hewani

Bafu lenye dirisha wazi linaweza kupoteza milimita kadhaa hewani. Weka sahani pana yenye maji kando, kina kilekile. Nayo ikishuka mm 4, sakafu haijanywa kitu. Au funika maji yote kwa nailoni.

#30 TupaNaMsasa

Na puto lenyewe linaweza kupitisha. Tia rangi ya chakula kwenye maji ya sakafuni, kisha angalia trapu chini ya puto.

#31 WayaWaNywele

Mimi nanyamaza tu. Nywele zimetoka na doa limekauka.

#32 Shingo_Upande

Limekauka kwa sababu hakuna aliyefungua shawa siku zote hizo! Vipimo vyote mmefanya kwa ndoo na mpira. Mshukiwa wangu hajaitwa hata kutoa maelezo.

#33 KokiKavu

Imebaki kuta na shingo. Kesho naanza kuta.

#34 mama_grauti

Usizinyunyizie kwa shawa yenyewe. Tumia mpira kutoka koki nyingine, la sivyo utapima ukuta na shingo kwa pamoja, doa likilowa tutakesha hapa. Na dole gumba lipitishe kwenye kona ya ukuta na sakafu kwanza: kama pamejazwa grauti badala ya silikoni, utakuta ufa. Kona inacheza, grauti haichezi. Ukija kuweka silikoni, ya zamani itoke yote, futa kwa spiriti, acha pakauke siku nzima. Mpya haishiki juu ya ya zamani. Na isiwe ile inayonuka siki, kwenye saruji haishiki vizuri.

#35 KokiKavu

Nilikuwa nimeshaivua shawa kutoka kwenye kishikio chake. Nairudisha. Koki ya karibu iko jikoni.

#36 pwaa

Mpira wa mita ngapi unao?

#37 KokiKavu

Tatu. Zinahitajika saba.